Mgeni wa Bara na Samaki wa Pwani

Safari ya kwenda Pwani imekuwa nyepesi tangu mwaka wa 2017, reli mpya ilipoanza kuchukua abiria kati ya Nairobi na Mombasa. Watu wengi wa bara waendao kule kwa likizo, wakiisha kuoga baharini, hutaka kula samaki katika mkahawa mmojawapo wa makuti ulio karibu na maji. Na si wachache warudio makwao wakinung'unika kwamba walikawizwa, au walitozwa fedha nyingi kuliko walivyodhani. Manung'uniko mengine ni ya haki. Lakini mengi hutokana na mgeni kuuendea mkahawa wa ufukoni kana kwamba ni hoteli ya mjini, ambako kila kilichoandikwa katika orodha hupatikana jikoni mwaka mzima.

Yafaa ajue kwamba chakula cha ufukoni hufuata upepo na mwezi. Kusi huvuma tangu Aprili hivi hata Oktoba, na nguvu yake kubwa ni Juni, Julai na Agosti. Wakati huo bahari ya nje huchafuka, na wavuvi wenye ngalawa na mashua ndogo hubaki ndani ya mwamba. Basi huko hupatikana tafi na changu, lakini nguru na jodari huwa adimu na bei yao hupanda. Kaskazi ikiingia, tangu Novemba hata Machi, bahari hutulia, na samaki wakubwa hushuka pwani kwa wingi. Pweza naye hutazamia mwezi. Wengi wamvuao huenda kwa miguu penye miamba wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu, maji yakupwapo sana. Mtu aagizaye pweza katika siku za maji mafu, tena katikati ya kusi, huenda akaletewa. Lakini pweza huyo yamkini ametoka katika barafu.

Kwa sababu hiyo mwenyeji haanzi kwa kusoma orodha. Huamkua, kisha huuliza.

"Shikamoo, mzee. Leo bahari imetoa nini?"

"Marahaba, mwanangu. Leo kuna changu na kolekole. Kamba hakuna. Njoo uwaone."

Mgeni naye na aende akawaone, wala asione haya, maana hakuna mpishi mwema achukiaye kuonyesha samaki wake. Samaki mbichi ana macho maangavu yaliyotokeza, matamvua yake ni mekundu, na nyama yake ikibonyezwa kwa kidole hurudi. Akionyeshwa kamba mawe mwenye mayai chini ya mkia, amkatae, ijapokuwa ameambiwa kwamba ndiye mtamu. Sheria inakataza kumvua huyo, na anunuaye ndiye amfanyaye mvuvi aende kumtafuta mwingine.

Kisha apimiwe mizani mbele ya macho yake. Hapa ndipo penye ugomvi mwingi. Bei ya samaki mkubwa na ya kamba mawe mara nyingi huandikwa kwa kilo, na mgeni huisoma kana kwamba ni ya sahani. Akiisha kula ndipo anapogundua, na samaki hawezi kurudishwa. Mapatano yafanywe kabla ya moto kuwashwa: uzito gani, bei gani, na kama wali na kachumbari vimo katika bei hiyo au havimo. Tena, kijana amsindikizaye mgeni kutoka ufukoni hata mlangoni pa mkahawa mara nyingi hupewa chochote na mwenye mkahawa, na chochote hicho hutoka katika mfuko wa mgeni. Afadhali kwenda peke yako.

Kuhusu kukawia, samaki wa kupaka hapikwi kwa haraka. Hutojwa ubavuni, akatiwa chumvi, ndimu, thomu na tangawizi, akaachwa akolee. Huku nazi inakunwa na kukamuliwa, kwa kuwa hutakiwa tui zito la kwanza, wala si la pili. Samaki huchomwa juu ya makaa, ndipo hupakwa tui lililotiwa ukwaju, bizari na pilipili, akageuzwa, akapakwa tena. Mtu mwenye njaa kali na aagize viazi vya karai kwanza, aache kumsumbua mpishi.

Makabila kadhaa ya bara, kama Wakikuyu na Wamasai, zamani hayakula samaki kabisa, na hata leo wako wazee wamwogopao kwa ajili ya miiba. Hao waanze kwa kipande cha nguru au cha kolekole mkubwa, wasianze kwa tafi. Waache uma pia: vidole huujua mwiba kabla ya ulimi.

Na kama mtu ana siku ya ziada, aende Dabaso, katika hori ya Mida karibu na Watamu, zaidi ya kilomita 100 kaskazini ya Mombasa. Pale kikundi cha wanakijiji kimejenga mkahawa wa miti juu ya nguzo, katikati ya mikoko, na mtu huufikia kwa kupita juu ya daraja jembamba la mbao. Chakula chake mashuhuri ni kaa, na hasa sambusa za kaa. Kaa huyo hukaa katika matope chini ya mizizi ya mikoko. Mikoko ikikatwa, hana makao, na kamba wadogo wakuliao humo hawana pia. Kwa miaka mingi sana boriti za Pwani zilipakiwa majahazini kwenda Uarabuni, hata Serikali ilipokataza zisiuzwe nje, mwaka wa 1982. Wanakijiji wa Dabaso wanapanda miche ya mikoko kwa mikono yao, na fedha ya sambusa hulipwa kwa watu wale wale wapandao. Jambo hilo si dogo kwa mtu anayetaka kujua shilingi zake zinakwenda wapi.

Kaa achaguliwe kwa uzito. Aliyejivua gamba karibuni huonekana mkubwa, kumbe ndani ni maji matupu. Aliye mzito mkononi ndiye mwenye nyama. Huletwa mzima, na kumvunja makucha na kuchokoa nyama ni kazi ya saa nzima, wala shati jeupe halifai. Safari ya gari kutoka huko hata stesheni ya Miritini haipungui saa mbili, basi asiende mtu ambaye tikiti yake ya gari la moshi ni ya alasiri ile ile.