Risala ya Wakazi wa Kibenga kuhusu Picha za Kifua za Wagonjwa wa Nimonia

Mheshimiwa Waziri wa Afya ya Umma,

Sisi tuliotunga risala hii ni wakazi wa Kibenga, kusini mwa jiji la Bujumbura, tuliougua nimonia ya virusi pamoja na ndugu waliotuuguza. Tunaileta kwa heshima, na kwa uchungu pia.

Tangu visa vya kwanza vya korona vitangazwe nchini tarehe 31 Machi 2020, tumeona jinsi mgonjwa wa nimonia hii anavyoweza kubadilika ghafla. Asubuhi anakunywa uji na kuongea, jioni anatafuta pumzi. Familia huwa na swali moja tu: arudi nyumbani, au abaki karibu na oksijeni? Picha ya kifua husaidia kulijibu, ikisomwa mapema na ikisomwa vizuri.

Malalamiko yetu yanaanzia hapo. Jirani yetu alipelekwa hospitali moja jijini. Fedha kwanza, ndipo picha. Akapewa bahasha ya kaki yenye filamu na karatasi yenye mstari mmoja: nimonia, pande zote mbili. Kwa kiasi gani? Juu au chini? Imezidi ile ya juzi? Hayo hayakuandikwa. Mkewe akazunguka na bahasha kwa teksi, hospitali hadi hospitali, na kila alipofika daktari aliiinua filamu dirishani akaanza kukisia upya. Kitanda chenye oksijeni kilipopatikana, mgonjwa alikuwa ameshazidiwa. Hakurudi Kibenga.

Mheshimiwa, njia ya kuandika majibu hayo ipo, wala haihitaji mashine mpya. Mwezi huo huo wa Machi 2020, madaktari wa Brescia, Italia, wakiwa wamefurikiwa na wagonjwa, waliigawa picha ya eksirei katika kanda sita, tatu kila pafu, na kila kanda wakaipa alama kuanzia 0 hadi 3, jumla 18. Waliofariki walikuwa na alama za juu kuliko waliopona. Kwa picha ya skana (CT), sehemu tano za mapafu hupewa alama 0 hadi 5 kila moja, jumla 25. Namba moja tu kwenye karatasi, na daktari wa zamu ya usiku anajua mwenzake wa mchana aliona nini.

Hatusemi picha inatosha. Iliyopigwa siku ya kwanza ya homa inaweza kuwa safi ilhali ugonjwa uko njiani. Umri, kasi ya kupumua na oksijeni ya damu lazima visomwe pamoja nayo. Tena tusiletewe kwa pupa programu za kompyuta za kusoma picha: mwaka 2021 watafiti wakiongozwa na wenzao wa Chuo Kikuu cha Cambridge walichambua tafiti 62 za mifumo ya namna hiyo, wasikute mfumo hata mmoja unaofaa kutumiwa kwa wagonjwa. Programu isiyojaribiwa kwa vifua vya watu wetu, baadhi yao wenye makovu ya kifua kikuu, isituamulie nani alazwe.

Kwa hiyo tunadai kila picha ya mgonjwa wa nimonia itoke siku hiyo hiyo na majibu ya maandishi, yenye alama, siku homa ilipoanza na kiwango cha oksijeni. Familia ielezwe kwa Kirundi au Kiswahili. Anayehema apigwe picha, malipo yafuate. Hatuombi skana kila mtaa. Tunaomba eksirei inayofanya kazi, jenereta yenye mafuta, na kipimo cha oksijeni cha kidole katika kila kituo cha afya.

Dai tunalolishikilia kuliko yote ni hili: alama kubwa isiwe sababu ya kumnyima mtu kitanda. Tumeyasikia maneno "mapafu yamekwisha" yakisemwa koridoni kabla mtungi wa oksijeni haujaletwa. Alama kubwa iwe amri ya kuleta oksijeni mapema, na deksamethasoni kwa mgonjwa wa korona anayehitaji oksijeni. Dawa hiyo ni ya bei nafuu, na jaribio lililofanyika Uingereza mwaka 2020 lilionyesha kwamba ilipunguza vifo kwa theluthi moja kwa waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia, na kwa moja ya tano kwa waliokuwa wakipewa oksijeni.

Tunaomba jibu la maandishi, pamoja na tarehe ya kukutana nasi.

Wakazi wa Kibenga, wagonjwa na wauguzaji