Kaka, umenifungia makusudi!

Wiki hii nawapa soo lililonikuta nyumbani mpaka nikaonekana mchawi.

Kwetu tuna kompyuta tatu za mtumba na watumiaji wanne. Zamani kila mashine ilikuwa na orodha yake ya majina. Ukibadilisha neno la siri sebuleni, chumbani bado linadai la zamani. Kasheshe kila siku! Nikachukua laptopu iliyokufa kioo, nikaiwekea Linux, nikaifanya seva. Majina yetu yanakaa humo kwenye LDAP, na kazi ya kuhakiki neno la siri nikaipa Kerberos, iliyobuniwa chuo cha MIT, Marekani, miaka ya 1980. Ukikaa kwenye mashine yoyote, jina na neno la siri ni yale yale. Nikajiona mtoto wa mjini!

Basi bwana, Jumatano nikagombana na mdogo wangu wa kike, kisa chaja. Akaapa hatakanyaga chumbani kwangu. Usiku umeme ukakatika. Asubuhi yuko sebuleni, anataka kutuma maombi ya chuo, mwisho saa sita mchana. Anaandika neno la siri, mashine inagoma. Kilio! "Kaka, umenifungia makusudi!" Mama naye kanikazia macho. Wallahi sikugusa kitu.

Nikamsihi aje kwenye mashine ya chumbani kwangu. Akaandika neno lile lile, akaingia. Fomu ikaenda saa tano na nusu.

Kumbe seva nzima, mgonjwa ni ile ya sebuleni. Kuicheki saa yake, inasoma mwaka 2009! Kibetri cha ndani, kile cha mviringo kama sarafu, kimekwisha, umeme ulipokatika ikasahau tarehe. Na Kerberos haina mchezo: kila ombi hubeba saa yake, mwizi asije akarudia ombi la jana. Saa zikipishana zaidi ya dakika 5, kwa kawaida hukukatalia hata kama neno la siri ni sahihi.

Nimenunua kibetri kipya na kuziagiza mashine zote zifuate saa ya seva. Pia kila mashine ina jina moja la akiba lisilotegemea seva, na neno lake la siri liko kwenye bahasha, kwa mama. Maana ukishika funguo za nyumba nzima, siku mlango ukigoma mwizi ni wewe.

Na chaja? Nimemwachia. Tukutane wiki ijayo!