Uvimbe Umetoweka, Tiba Haijaisha

Mtoto mwenye meduloblastoma, uvimbe unaoota nyuma ya ubongo, kwa kawaida hupasuliwa, kisha hupewa mionzi ya ubongo wote na uti wa mgongo. Picha zikionyesha kuwa uvimbe umetoweka, huhesabiwa amepona na hurejea shuleni. Miaka michache baadaye mwalimu humwita mvivu. Mtoto huyo hajasahau aliyojifunza. Huyapata mapya polepole kuliko wenzake, na pengo huzidi kupanuka.

Chanzo kimo katika seli ambazo Rudolf Virchow, katika karne ya 19, alizipa jina la glia, yaani gundi. Jina hilo limezidunisha hadi leo. Oligodendrosaiti moja huvika nyuzi nyingi za neva mailini, utando wa mafuta uliokunjwa tabaka juu ya tabaka. Bila utando huo ujumbe husafiri kwa kusuasua. Seli ya neva iliyokomaa haigawanyiki, hivyo huistahimili mionzi kwa kiasi. Seli changa zizaazo oligodendrosaiti hugawanyika, nazo ni miongoni mwa za kwanza kufa. Katika wanyama wa maabara waliopigwa mionzi, hadubini ya elektroni huonyesha tabaka za mailini zilizoachana, na miguu ya astrosaiti, ile inayokumbatia mishipa midogo ya damu, ikiwa imevimba. Ubongo wa mtoto ungali ukijivika mailini. Kuziua seli hizo ni kumfukuza fundi kabla nyumba haijaezekwa.

Hiyo si hoja ya kuikataa mionzi, kwani wengi wamepona kwayo. Tena wataalamu wamekwisha kuchukua hadhari: kwa wasio katika hatari kubwa, dozi ya ubongo wote na uti wa mgongo ilishushwa kutoka grei 36 hadi 23.4, ikisaidiwa na dawa za kemikali, na walio chini ya miaka 3 huahirishiwa mionzi kila inapowezekana.

Kinachokosekana ni ufuatiliaji. Kumbukumbu, umakini na kasi ya kufikiri vipimwe kabla ya mionzi na kila mwaka baadaye. Husemwa kwamba kliniki zimefurika. Ni kweli, lakini kliniki hizohizo hupata nafasi ya kurudia picha, na upimaji huu hauhitaji mashine. Barua ya ukurasa mmoja kwa mwalimu mkuu, ikiomba mtoto aketi mbele na aongezewe muda wa mtihani, yaweza kuandikwa siku ileile mzazi anapopewa tarehe ya picha ijayo.