Risala ya Wazazi wa Watoto Wenye Mabaka ya Kuzaliwa, Mikumi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Sisi ni wazazi na walezi kutoka Mikumi na vijiji vya jirani. Hatuna usajili wala mhuri. Tulifahamiana kwenye foleni ya kliniki. Kila mmoja wetu ana mtoto aliyezaliwa na baka: huyu ana mstari wa chunjua za kahawia kutoka kwapani hadi nyonga, yule ana kipara cha manjano juu ya sikio, mahali ambapo nywele zimekataa kuota. Tuna malalamiko kadhaa na dai moja kubwa: baka liandikwe.

Tumezungushwa sana hadi kujua kwamba mabaka haya si laana. Mtoto kama 1 kati ya 1,000 huzaliwa nayo. Mimba ikishatungwa, seli moja hupata hitilafu katika jeni, kisha huzaa nyingine zenye hitilafu ileile, nazo husambaa zikifuata mistari ambayo daktari Mjerumani, Alfred Blaschko, aliichora mwaka 1901. Ndiyo maana baka hupinda kama lililofuata njia. Mama hakumcheka kilema wala hakutazama mwezi ukipatwa. Tunalisema kwa sauti, kwani wamo kati yetu walioachwa kwa ajili ya mstari wa ngozi, na baadhi ya waume hao wamekaa hapa leo.

Wengi wa watoto hawa hawana shida nyingine. Wachache wanayo, na kilio chetu ni juu yao. Ngozi na ubongo huanzia katika tabaka moja la kiinitete, kwa hiyo kilichoharibu ngozi huenda kimegusa ubongo au jicho pia, hasa baka likiwa kichwani au usoni. Hapo huja kifafa, na kuchelewa kukaa na kusema. Wengine uti wa mgongo hupinda. Wengine mwili hutoa kichocheo kwa wingi, figo zikamwaga fosifeti kwenye mkojo, mifupa ikalegea, na mtoto akapata matege yasiyosikia jua wala maziwa. Mwenzetu mmoja aliambiwa amwanike mwanawe juani. Alimwanika miaka 2. Miguu ikazidi kupinda, maana hakuna aliyepima fosifeti wala aliyeuliza habari za baka lililojaa mgongoni.

Degedege likianza, wazee huleta kinyesi cha tembo wamfukize mtoto, na Mikumi bidhaa hiyo haiadimiki. Hatuwalaumu, ndiyo dawa iliyokuwa karibu. Lakini katika mkoa wetu huuhuu, kule Mahenge, Dkt. Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa mwanzoni mwa miaka ya 1960, akakuta wagonjwa wenye makovu ya kuangukia moto, na vidonge vikawasaidia wengi. Zaidi ya miaka 60 baadaye, sisi bado tunaambiwa vidonge vimeisha, turudi wiki ijayo.

Barabara kuu inakatiza katika hifadhi yetu ya wanyama ya Mikumi kwa kilomita kama 50, na vibao vinataja faini ya kila mnyama atakayegongwa. Wanyama hatuwaonei wivu, wanatulisha. Ila nyati akigongwa usiku, kukicha ameshaandikwa mahali. Mtoto wetu hajaandikwa popote.

Kwa hiyo tunadai mkunga amkague mtoto mwili mzima, kichwa hadi nyayo, na baka liingizwe kwenye kadi ya kliniki: liko wapi, lina urefu gani, limevuka mstari wa katikati ya mwili au la. Likiwa kichwani, usoni, au likiwa kubwa, mtoto apewe rufaa ya macho, ubongo na mifupa kabla hajatimiza mwaka, asisubiri aanguke. Sera inasema mtoto chini ya miaka 5 hutibiwa bure; bure hiyo kwetu imekuwa ikikomea mlangoni pa chumba cha picha ya ubongo. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 iwafikie watoto hawa kwa majina yao.

Mabingwa wa ngozi wapo mbali. Pale KCMC, Moshi, kuna chuo cha ngozi tangu mwaka 1992, na ndipo yanapotengenezwa mafuta ya kukinga jua ya Kilisun wanayogawiwa ndugu zetu wenye ualbino kupitia kliniki za mkoba. Tunaomba kliniki ya namna hiyo ifike Mikumi japo mara 2 kwa mwaka, na mhitimu mmoja wa chuo hicho apangiwe wilaya ya Kilosa.

Shuleni, mtoto mmoja amekalishwa dawati la peke yake, eti chunjua zitaambukiza wenzake. Haziambukizi. Tunaomba barua ya daktari iseme hivyo, nasi tutaipeleka wenyewe.

Mheshimiwa, tumekuja na kadi 5 za kliniki. Uzito umeandikwa, chanjo zimeandikwa, na kwenye nafasi ya maelezo hakuna kitu. Tunakuomba uzitazame kabla hujapanda gari.

Tunawasilisha.