Jua la Tanga na Kisukari cha Watoto

Fimbo ya mita moja ikisimikwa wima katika uwanja wa shule mjini Tanga, saa sita mchana mwezi wa Juni, kivuli chake hufikia sentimita 54 hivi. Fimbo hiyohiyo ikisimikwa Helsinki mwezi wa Desemba, kivuli hukaribia mita 9. Jua likiwa chini kiasi hicho, mionzi ya urujuanimno inayoiwezesha ngozi kutengeneza vitamini D karibu yote humezwa na anga kabla ya kufika ardhini. Tanga, iliyo nyuzi 5 kusini mwa Ikweta, haina majira kama hayo.

Ufini ni miongoni mwa nchi zinazoongoza kwa kisukari cha aina ya kwanza, ambapo kinga ya mwili huziangamiza chembe za kongosho zinazotoa insulini. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2001, juu ya watoto zaidi ya 10,000 waliozaliwa kaskazini mwa nchi hiyo mwaka 1966, ulionyesha kwamba waliopewa vitamini D kwa utaratibu walipatwa na ugonjwa huo kwa uchache kuliko wenzao. Haishangazi basi kusikia kwamba jua la pwani ni kinga tosha, au kwamba vidonge vya vitamini D ni tiba. Kauli zote mbili zina walakini.

Ni kweli kwamba mwaka 2012 watafiti walitangaza wastani wa nanomoli 115 za vitamini D kwa lita moja ya damu miongoni mwa Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania, kiwango cha juu sana. Lakini hao walikuwa watu wazima washindao nje. Mwanafunzi wa Ngamiani au Pangani huketi darasani saa zilezile ambazo jua ni kali, naye pengine amevaa nguo za kumsitiri mwili mzima. Kumkadiria kwa damu ya mchungaji ni kubahatisha.

Tena, mtoto mwenye kisukari akikutwa na upungufu, haijulikani kipi kilitangulia. Mgonjwa hukaa ndani. Na figo zikidhurika, protini inayobeba vitamini hiyo hupotea katika mkojo. Yafaa watoto wanaotibiwa kisukari mkoani wapimwe pamoja na wenzao wazima wa rika moja, wa mtaa mmoja, ndipo hoja ijengwe.

Hata hivyo, fedha zikiwa haba, insulini na vifaa vya kupimia sukari vitangulie. Upungufu wa vitamini D hudhoofisha mifupa kwa miezi na miaka. Kukosa insulini huua kwa siku chache. Mtoto anayekunywa maji bila kukata kiu, anayeomba ruhusa ya kwenda msalani kila mara na kukonda ghafla, hudhaniwa kirahisi kuwa ana malaria. Mwalimu aonaye dalili hizo amhimize mzazi ampeleke mtoto hospitali siku hiyohiyo, sukari ya damu ipimwe.