Jua la Mafia Lisiishie Paani

Mto Rufiji humwaga maji yake baharini mkabala na Kisiwa cha Mafia. Katika mto huo Taifa limejenga Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115, na mtambo wake wa kwanza uliwashwa mwaka 2024. Lakini bahari iliyoko kati ya delta na Kilindoni imekifanya kisiwa hicho, kwa miaka mingi, kitegemee majenereta ya dizeli, nayo dizeli yenyewe sharti ivushwe kwa chombo.

Yafaa watumishi wa umma walitazame jambo hili kwa hesabu. Lita moja ya dizeli hutoa uniti 3 au 4 hivi za umeme. Mteja wa Kilindoni hutozwa na TANESCO bei ile ile anayotozwa mwenzake wa Kibaha, ambayo haitoshi kulipia hata mafuta hayo. Tofauti hubebwa na Shirika, yaani na umma. Basi kila uniti inayovunwa juu ya paa la hoteli, benki au ghala la samaki humpunguzia mzigo hata mwananchi asiyepata kuiona Mafia.

Ubaya wa jua ni kwamba huchwa. Paa la mita za mraba 100 laweza kubeba paneli za kilowati 15, na kila kilowati ikatoa uniti kama 4 kwa siku. Lakini umeme huo huja kwa wingi adhuhuri, na majokofu ya samaki hayalali usiku. Umeme ukikatika alfajiri, mwenye ghala hapati hasara peke yake. Atashusha bei ya pweza, na mvuvi wa Jibondo ndiye atakayerudi nyumbani na pungufu.

Hapo ndipo gari la umeme linapohusika. Wengi hulidhania kuwa anasa ya matajiri wa mijini, kumbe ni betri yenye magurudumu. Nissan Leaf za kwanza, zilizotoka mwishoni mwa mwaka 2010, zilikuwa na betri ya uniti 24. Baada ya tetemeko la mwaka 2011, Wajapani walianza mwaka 2012 kuuziwa vifaa vya kurudisha umeme wa magari hayo nyumbani. Mwaka 2018 Porto Santo, kisiwa kidogo cha Ureno, kilianza kujaribu njia hiyo kwa magari ya Renault.

Mafia ina nafasi nzuri zaidi. Kutoka Kilindoni hadi Utende ni kilomita 14 hivi, na gari la hoteli hushinda limeegeshwa. Likichajiwa adhuhuri kutoka paani, laweza kulipatia jengo uniti 10 usiku na kubakiwa na za safari ya asubuhi. Gari hilo hilo likichomekwa saa mbili usiku, wakati kila nyumba imewasha taa, litakunywa dizeli kupitia waya.

Kwa hiyo haifai paneli, chaja na gari vinunuliwe kila kimoja kwa bajeti yake. Halmashauri inapopitisha ramani ya jengo la biashara, iulize mapema: paa litahimili upepo wa kusi? Chaja hupitisha umeme pande zote mbili? Ipo swichi ya kulitenga jengo pindi laini ya TANESCO inapozimwa? Swali hili la mwisho lisichukuliwe kuwa urasimu. Fundi aliyepanda nguzo akiamini waya umekufa aweza kuuawa na betri ya gari lililoegeshwa chini yake.

Mawingu ya masika hupunguza jua, na chumvi ya bahari hula viungio. Majenereta yatabaki kuwa akiba, na vijana wa kisiwani hawana budi kufundishwa ufundi wa betri hizo kabla gari la kwanza halijashushwa gatini Kilindoni.