Jasusi Hufuta Nyayo, Sisi Tuziache

Makamanda wa Ngara na Biharamulo,

Siku hizi tunatumiana sana video za mbinu za kijasusi: jinsi ya kumjua anayekufuatilia, kubadili njia, kupotea kwenye umati. Sizibezi. Ila jasusi anafundishwa kutoacha alama. Kwetu sisi, kutoacha alama ndiyo hatari yenyewe.

Agosti 2024 Deusdedit Soka, mwenyekiti wa BAVICHA Temeke, alitoweka pamoja na Jacob Mlay na Frank Mbise. Ndugu walikwenda Mahakama Kuu kuomba waletwe. Ombi likakwama: mahakama ilisema hakuna ushahidi wa kutosha kwamba polisi ndio wanaowashikilia. Tunaosoma sheria tuliliona somo hapo. Bila aliyeona, bila namba ya gari, bila saa, "watu wasiojulikana" wanabaki hivyohivyo, wasiojulikana.

Septemba 6 mwaka huohuo, mzee wetu Ali Kibao alishushwa kwenye basi Tegeta mbele ya abiria. Kesho yake akapatikana amekufa, Ununio. Mashahidi hawakumwokoa, na tusidanganyane kwa hilo. Lakini kwa sababu walikuwepo, hakuna aliyethubutu kusema mzee kajiendea tu.

Wazazi wetu huku wanaijua mbinu hii. Enzi za ujambazi, mabasi yalisubiriana yakavuka mapori kwa msafara, yakisindikizwa na askari. Sisi nao tusindikizane, hata kwa simu.

Ukipanda mchomoko kutoka Benaco, au ukishuka Nyakanazi usiku wa manane, mtu mmoja awe na namba ya gari na saa unayotarajiwa kufika. Saa ikipita hujapiga, asisubiri asubuhi.

Kariri namba mbili kichwani, maana simu ndiyo kitu cha kwanza kunyang'anywa. Picha ya ulipo iposti ukishaondoka.

Wakija wanaojiita askari, usipigane na mwenye silaha. Uliza kwa sauti: majina yenu nani, kituo gani, kosa langu nini? Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamtaka anayekukamata akwambie sababu. Taja jina lako na la ndugu yako, wasikie mama ntilie, bodaboda, na kila aliye karibu.

Na wewe uliyeona, usijifanye hukuona. Andika namba ya gari, rangi, saa, na uelekeo wao. Wapigie ndugu, piga simu kwa wakili, nendeni kituoni mkiwa wengi, msiondoke bila RB. Usiku huohuo, siyo kesho.

Onyo moja: tuko mpakani. Tukianza kumwona kila mgeni kuwa mpelelezi, au kila mwenye lafudhi tofauti kuwa siyo mwenzetu, tutakuwa tumewafanyia wengine kilekile tunachokilalamikia.

Kuwalinda raia ni kazi ya serikali, na tutaendelea kuidai. Lakini Ibara ya 14 ya Katiba inasema kila mtu ana haki ya kuishi, na kupata hifadhi ya maisha yake kutoka katika jamii. Jamii ndiyo sisi hawa tunaosoma hapa.

Kwa hiyo kabla hujafunga ukurasa huu: nani anajua uko wapi sasa hivi? Kama jibu ni hakuna, mpigie mtu.